Dereva wa Mbele Hajui Kwamba Unalipenda Gari Lake

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina miaka 27, ninaishi Tegeta, na tangu utotoni ugonjwa wangu ni magari ya spoti yanayoletwa kutoka Japani. Mimi na rafiki yangu tuna mazoea ya kuyasaka barabarani, kuyapiga picha na kubishana ni lipi halisi na lipi limevalishwa tu. Jumamosi moja jioni tuliiona Nissan Skyline ya buluu pale Mwenge, ina taa nne za duara nyuma na bawa kubwa, tukaifuata Barabara ya Bagamoyo huku rafiki yangu akirekodi kwa simu. Tulipopita Tangi Bovu dereva alifunga breki ghafla mbele yetu, akasimama, akashuka akifoka, "Mnanifuata mnataka nini?" Nami nikashuka na spana ya magurudumu mkononi, na bahati yetu ni kwamba vijana wa bodaboda waliingia kati. Nitajuaje kama ile ilikuwa GT-R ya kweli, ile Skyline kali kuliko zote? Kosa lilikuwa langu au lake? Na niwafanyeje madereva wa Subaru ambao wakiiona Toyota Altezza yangu huniwashia taa na kuvumisha injini wakitaka ligi, yaani tushindane mbio barabarani? Nakiri kwamba hasira hunipanda na mara nyingi hukubali.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nitaanza na gari lenyewe, kwa sababu ninajua roho yako iko huko, na kwa sababu mtu akishaelewa jinsi GT-R inavyotambuliwa, haja ya kuifukuza barabarani humwisha yenyewe.

Taa nne za duara hazithibitishi kitu. Nissan imezitumia kwenye Skyline tangu miaka ya 1970, na katika vizazi vitatu ambavyo vijana wa leo huvizungumzia, yaani R32, R33 na R34, gari la kawaida la milango miwili linazo sawasawa na GT-R. Bawa nalo hufunguliwa kwa spana likafungwa kwenye gari jingine kwa muda wa kunywa chai, na beji ya GT-R huuzwa peke yake kama kifungo cha shati. Kinachotenganisha magari haya mawili kimo kwenye umbo na kwenye chuma. GT-R ya R34, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2002, ina upana wa milimita 1,785, ilhali mwenzake wa kawaida ana milimita 1,720. Hizo milimita 65 zimegawanywa pande mbili, kwa hiyo kila ubavu umevimba kwa upana wa vidole viwili hivi, na uvimbe huo umo kwenye bodi yenyewe, haukubandikwa. Ukichuchumaa nyuma ya gari lililosimama, ukatazama jinsi bati linavyopanda kutoka mlangoni kwenda juu ya gurudumu la nyuma, utaliona jambo hilo waziwazi, na ukilipapasa kwa ruhusa ya mwenyewe utajua kama ni bati la kiwandani au ni plastiki iliyopakwa putti.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi, nami hukitumia kabla ya vyote: chungulia gia. GT-R za R32, R33 na R34 hazikuwahi kuuzwa na gia za otomatiki, kwa hiyo ukikuta P, R, N na D ubaoni, maneno yameisha, hata kama nyuma kuna beji tatu. Chini ya boneti, GT-R ina injini ya RB26DETT ya lita 2.6, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na tabo (turbo) mbili. Skyline ya kawaida yenye nguvu, ile inayoitwa GT-T katika kizazi cha R34, ina injini ya RB25DET ya lita 2.5 na tabo moja. Boneti ya GT-R nyingi ni ya aluminiamu, sumaku haishiki, ingawa nakusihi usije ukatoka nyumbani na sumaku mfukoni kwenda kuipachika kwenye rangi ya mtu.

Kipimo cha mwisho, ambacho hakibishaniwi, ni namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 unayoikuta kwenye magari ya Ulaya. Yana herufi chache za aina ya gari, kisha kistari, kisha namba. GT-R husomeka BNR32, BCNR33 au BNR34. Skyline za kawaida zenye tabo husomeka HCR32, ECR33 au ER34. Namba hiyo imepigwa kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi, na karibu yake kuna kibati cha kiwanda kinachoirudia pamoja na alama ya rangi ya awali. Namba ya chesisi ikitofautiana na ya kwenye kibati au ya kwenye kadi ya gari, funga boneti taratibu na uage.

Sasa jihesabie mwenyewe. Katika alama zote nilizokutajia, ni ipi uliyoweza kuiona usiku unaingia, ukiwa nyuma yake, katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa? Huenda upana tu, na huo nao kwa kubahatisha. Gia, injini, boneti na namba ya chesisi vyote vinadai gari liwe limesimama na mwenye gari awe radhi. Ulipoifukuza ile Skyline kutoka Mwenge ulikuwa ukijinyima elimu uliyokuwa ukiitafuta, na badala ya kumpata mtu wa kukufungulia boneti ulijitengenezea adui.

Hali ni hiyo hiyo kwa Subaru, na hapa ninaongeza kidogo kwa sababu ndizo zinazokutia kiherehere. Impreza iliyo na tundu la hewa juu ya boneti si lazima iwe STI, lile toleo kali zaidi; inaweza kuwa WRX, ndugu yake mdogo. Katika kizazi kilichoanza mwaka 2000, namba ya chesisi ya WRX kwa soko la Japani huanza na GDA na ya STI huanza na GDB. STI ina gia 6 za kukanyaga klachi, na nyingi zina breki za Brembo za rangi ya dhahabu zinazoonekana katikati ya rimu. Katika kizazi kilichofuata, ile ya milango mitano, GRB ndiyo yenye gia za kukanyaga klachi na GRF ni ya otomatiki, na zote mbili ni STI, jambo ambalo limewahi kuwagombanisha mashabiki kwenye gereji yangu hadi chakula kikapoa. Beji ya waridi ya STI haina maana yoyote kwa mtu anayejua kuwa inauzwa dukani. Mlio ule wa kugugumia, ambao watu wengi huudhani ni wa STI peke yake, unatokana na injini ya silinda nne zilizolala pande mbili pamoja na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, kwa hiyo utausikia hata kwenye Forester ya mama mmoja anayepeleka watoto shule.

Mapenzi ya watu wa huku kwa Subaru na Lancer hayakuanzia kwenye simu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa vijijini walisimama kando ya barabara ya vumbi kuyatazama magari kwa miaka mingi kabla hujazaliwa. Tommi Mäkinen alipoishinda mwaka 1996 kwa Mitsubishi Lancer Evolution, na Colin McRae mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, majina hayo yaliingia kwenye midomo ya mafundi wetu na hayajatoka mpaka leo. Ninalitaja hili kwa sababu moja: wazee wale waliyatazama magari ya mbio wakiwa wamesimama chini ya mti, nayo ndiyo yaliyokuwa yakikimbia.

Kabla sijaliacha suala la utambuzi, usidanganywe na namba za usajili. Mtu akikuambia kwamba gari ni jipya kwa sababu ni namba E, amekuambia lilisajiliwa nchini lini, hajakuambia lilitengenezwa lini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo, bali inatoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8 na kuupandisha likizidi miaka 10. Ndiyo maana Skyline ya mwaka 1999 inaweza kupita mbele yako Mwenge ikiwa na namba ya juzi. Na ndiyo maana vilevile dereva wake huendesha akiwa na wasiwasi ambao dereva wa Toyota IST hana, kwa kuwa IST ikigongwa bampa utalipata Ilala kabla ya adhuhuri, lakini ubavu wa nyuma wa GT-R unaagizwa kutoka mbali, kwa bei ambayo mwenye gari hathubutu kumtajia mkewe.

Hapo ndipo tunaingia kwenye swali lako la pili. Vaa viatu vya yule bwana kwa dakika moja. Ametoka Mwenge, jioni, peke yake. Kwenye kioo anaona gari lenye vijana ndani, halimpiti ingawa nafasi ipo, akipunguza linapunguza, akihama njia linahama, na mkono umetokeza dirishani na kitu kinachong'aa. Wewe ulijua kwamba kitu hicho ni simu na kwamba moyoni mwako kulikuwa na sifa tupu. Yeye alijua jambo moja tu, kwamba anafuatwa. Katika jiji hili mtu aliyefuatwa kilomita kadhaa hadhani kwamba ana mashabiki. Anadhani kwamba watu wanataka kujua anakolala. Tena ulipita mbele ya kambi ya jeshi ya Lugalo na simu iliyoinuliwa ikirekodi, jambo ambalo lingeweza kukuletea mazungumzo marefu na watu wasiopenda utani.

Kwa hiyo chanzo ni wewe, nami sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata hivyo yeye naye alikosea, na kosa lake lingeweza kuua. Kufunga breki kwa makusudi mbele ya gari linalokufuata ni kulifanya gari lako kuwa silaha, na anayelipia huwa ni yule wa tatu, mwenye bajaji au abiria wa daladala aliyekuwa nyuma yenu bila habari. Fikiria hesabu hii. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Ukigeuka kumwambia rafiki yako "sogeza kamera kushoto" na macho yakaondoka barabarani kwa sekunde tatu, umeendesha mita 66 ukiwa kipofu. Sisi tunaofundisha udereva wa kujihami tunadai angalau sekunde mbili kati yako na wa mbele, yaani kama mita 44 katika mwendo huo, na hakuna simu inayopiga picha nzuri ya taa za nyuma kutoka mita 44. Maana yake ni kwamba kila picha nzuri uliyonayo iliyopigwa kwa mtindo huo ni ushahidi kwamba ulikuwa karibu mno.

Kosa la tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, ni ile spana. Mtu anayeshuka akifoka bado anaweza kutulizwa. Mtu anayeshuka na chuma mkononi amekwisha kubadili ugomvi wa maneno kuwa jinai, na mbele ya hakimu hakuna atakayeuliza nani alifunga breki kwanza. Wale vijana wa bodaboda uwatafute, uwanunulie soda.

Hasira za barabarani zimechunguzwa kwa muda mrefu, na baadhi ya uchunguzi unatuhusu moja kwa moja sisi tunaopenda magari. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1968, huko California, Anthony Doob na Alan Gross waliweka gari mbele ya taa za barabarani, na taa ilipogeuka kijani gari hilo halikuondoka, ili waone walio nyuma watavumilia kiasi gani kabla ya kupiga honi. Gari lilipokuwa la kifahari, nusu ya madereva walipiga honi. Lilipokuwa chakavu, walipiga asilimia 84. Maana yake ni kwamba tunamjibu dereva mwenzetu kwa kutazama bati kabla hatujamtazama mtu. Miaka 40 baadaye, mwaka 2008, William Szlemko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State walichapisha uchunguzi mwingine ambao mimi huwasomea wanafunzi wangu kila mara: waligundua kwamba watu walioyapamba zaidi magari yao, kwa stika na vitu vya kujitambulisha, ndio waliokiri zaidi kuendesha kwa ukali, kuwabana walio mbele na kulipiza kisasi. Stika iwe ya amani au ya matusi, haikuleta tofauti. Kilichohesabika ni wingi wake. Maelezo yao ni kwamba mtu anayelipamba gari huliona kama kiwanja chake, na kiwanja hicho hukitembeza katika barabara ambayo ni ya watu wote, kwa hiyo mtu akimchomekea huhisi kwamba ameruka uzio wa nyumba yake.

Nikutazame wewe na Altezza yako, nimtazame na yule bwana wa Skyline, ninaona viwanja viwili vilivyokutana Tangi Bovu. Sisemi uondoe rimu wala uvue bawa. Ninasema ujue kwamba kadiri ulivyolitolea gari jasho, ndivyo utakavyolitetea haraka kuliko linavyostahili, na kwamba ujuzi huo uwe nawe kabla hujawasha injini, kwa sababu ukishapandwa na hasira hutaukumbuka.

Ikitokea tena kwamba umemkorofisha mtu na yeye ameamua kukushughulikia, hatua ni chache. Ongeza nafasi kati yenu. Hili huja kabla ya lolote. Usimtazame machoni kupitia kioo, usijibu honi kwa honi. Kama kosa ni lako, inua kiganja mara moja kuomba radhi, kisha rudisha mkono kwenye usukani, kwa kuwa mkono unaoendelea kuchezacheza husomwa kama dharau. Akisimama mbele yako na njia ikiwepo, pita uondoke bila kukimbia. Njia isipokuwepo, baki ndani, milango ikiwa imefungwa na vioo vimepandishwa, injini inaunguruma, na nafasi mbele yako iwe ya kutosha kukata kona bila kurudi nyuma. Ndiyo maana kwenye foleni nawafundisha watu wasimame mahali ambapo bado wanayaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Akikufuata, usiende nyumbani. Nenda kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu na taa, na abiria wako apige 112 akitaja namba ya gari, rangi, mahali mlipo na mnakoelekea. Abiria, si wewe.

Sasa ligi. Dereva wa Subaru anayekuwashia taa na kuvumisha injini kando yako hana neno na wewe; anataka mtu wa kumsaidia kujiamini, na ukikubali umeajiriwa bila mshahara. Nikuulize swali la kifundi: Altezza yako ni ipi? Kama chesisi inaanza na SXE10, hiyo ndiyo RS200 yenye injini ya 3S-GE ya silinda 4, nguvu farasi 210 au pungufu kidogo. Kama inaanza na GXE10, ni AS200, silinda 6 za 1G-FE, nguvu farasi 160. STI iliyo upande wako ilitoka kiwandani ikiwa na 280 hivi, na inavuta kwa magurudumu manne. Ligi hiyo umeshaishindwa kwenye karatasi, kwa hiyo mchezo pekee unaobaki ni nani kati yenu ana moyo wa kuchelewa kukanyaga breki, na huo ni mchezo ambao watu huucheza vizuri mara nyingi na vibaya mara moja. Katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na Barabara ya Bagamoyo karibu yote mpaka kwenu Tegeta ni makazi, ina vivuko vya watoto wa shule na mikokoteni inayovuka pasipo kivuko. Taa zikiwaka nyuma yako, washa indiketa ya kushoto, hamia kushoto, inua mguu, mwache apite. Ukimwona kwenye taa za mbele amesimama, kama utakavyomwona mara nyingi, usimsogelee kumcheka.

Usidhani kwamba nakuhubiria kutoka juu ya mnazi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najaribu gari la mteja kwenye Barabara ya Morogoro, mteja mwenyewe amekaa nyuma, na daladala likanichomekea karibu na Kimara kiasi cha kunikwaruza kioo. Nilitoka nalo. Nililifukuza, nikatanua, nikalipita kwa kushoto kwenye vumbi, nikaja kulizuia kituoni. Kondakta alikuja dirishani kwangu, akanitazama kwa huruma kabisa, akauliza, "Mzee, kwani tumekuibia?" Abiria wote walikuwa wametoa vichwa nje. Nilikosa la kujibu, kwa sababu kwa kweli hawakuwa wameniibia kitu, na kile kioo hakikuwa hata changu. Tulipofika gereji mteja alinilipa, akasema, "Gari umeniambia ni zima. Dereva je?" Hakurudi tena kwangu.

Nililojifunza siku ile ni kwamba hasira ya barabarani hupanda kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ni kusema na nafsi yako kuhusu nia ya mtu usiyemjua. "Amenidharau." "Ananiona mshamba." Hapo bado unaweza kushuka. Ukishafika ngazi ya kuongeza gesi, mwili umekwisha kuchukua usukani: moyo unadunda, macho yanaona gari moja tu katika barabara nzima, na vioo vya pembeni havipo tena. Mimi hujizoeza kutamka kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, sababu nyingine inayoweza kuwa ya kweli: anawahi hospitali, hajaniona, anajifunza. Mke wangu hunicheka. Lakini ninapotamka neno nalazimika kuvuta pumzi, na pumzi ndiyo ninayoitafuta. Ikishindikana, ninaingia kituo cha mafuta, nazima injini, nanunua maji, nakaa mpaka vidole viache kutetemeka.

Kuhusu uwindaji wenu wa magari, sitaki muuache. Uhamisheni. Nendeni mahali ambapo magari yamesimama: Coco Beach jioni ya Jumapili, maegesho ya Mlimani City, yadi za magari yaliyotumika, ambako muuzaji atakufungulia boneti hata kama anajua huna pesa, kwa sababu leo huna na keshokutwa unaweza kuwa nazo. Katika yadi, omba uonyeshwe karatasi ya mnada wa Japani. Ina mchoro wa gari, alama za mikwaruzo, na daraja, ambapo herufi R humaanisha kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Mashindano ya rali yanapofanyika Bagamoyo au Morogoro, nendeni mkasimame nyuma ya utepe, na muda wa huduma muwatembelee mafundi. Huko dereva hufurahi kupigwa picha, maana amelitia gari stika za wadhamini ili lionekane. Mwone mwenye gari, msalimie, mwambie unachokipenda kwenye gari lake, na useme jambo mahususi linaloonyesha kwamba unajua, kisha omba ruhusa. Sijawahi kumwona mwenye Skyline anayekataa kuzungumza habari za Skyline. Tatizo lao ni kunyamaza.

Picha mkizipata, zifunikeni namba za usajili kabla ya kuzituma popote, na msiandike mahali gari linapolala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetuwekea wajibu mpya juu ya habari zinazoweza kumfichua mtu, lakini hata bila sheria hiyo, picha ya gari adimu yenye namba na jina la mtaa ni ramani ya mwizi wa vioo na taa. Na ile video ya Tangi Bovu mwambie rafiki yako asiirushe, hata kama dereva anaonekana mjinga ndani yake, kwa kuwa mwisho wake unaonekana wewe na spana.

Barabara hiyo ni moja na nyote mnakaa upande huo wa jiji, kwa hiyo siku moja mtakutana tena, pengine kwenye pampu ya mafuta. Zima injini kwanza, shuka mikono ikiwa mitupu, mpe shikamoo kama ni mkubwa kwako, umwombe radhi bila kuongeza neno "lakini." Akishapoa, na si kabla, muulize kama atakuruhusu uone kibati kilicho chini ya boneti. Kikisomeka BNR34, nitumie picha, namba ya gari ukiwa umeifunika.